Sehemu ya Madeni

Tarehe thelathini Desemba, saa kumi kasoro.
Feni ya masjala inazunguka kama mtu aliyelazimishwa,
na Jaji Shemhilu amevua koti, amevua na viatu.
"Piga, Mwanakheri. Kesho ndiyo mwisho."
Nami napiga.

Nyumba: moja, Duga, vyumba vinne.
Shamba: ekari tatu, Muheza, michungwa,
nusu imekauka. "Niandike imekauka?"
"Andika. Mti mkavu nao ni mali, ni kuni."
Gari: moja, la mwaka aliozaliwa mwanangu,
na mwanangu sasa ana ndevu.
Ng'ombe wa maziwa wawili, mmoja mgumba.
Baiskeli: moja. Tanga hii, nani aisahau baiskeli?

Alikuwa anacheka. Mali ya mtu safi
huhesabika upesi, kama vyombo vya msafiri.

Kisha ukurasa ukageuka.
Sehemu ya madeni.

Feni ikasikika.

Miaka kumi na tisa nachapa hukumu za mtu huyu,
najua anapoweka koma, najua anapokohoa.
Mjane wa Pongwe, aliyerudishiwa kiwanja,
alileta mkungu wa ndizi, na mkungu ukarudi naye
kwenye karia ileile, kabla haujaiva.
Nilichapa na ile ya diwani. Mji ulinyamaza siku mbili.
Kwa hiyo ukimya wake naujua,
na huu haukuwa ule.

Mwaka juzi figo za mkewe zilikataa kazi.
Mchango wa ofisi ulitosha nauli na dawa za wiki.
Kilichobaki alitoa Mhando, mwenye ghala la katani;
walilala kitanda kimoja bwenini, wakigawana shuka.
Hapakuwa na hati. Hapakuwa na riba. "Utalipa ukipata."
Mke akafa. Deni likabaki hai.

Na Mhando ana shauri.
Faili lake limelala juu ya kabati langu:
vibarua themanini na wawili, mishahara ya miezi saba.
Kila Jumatatu huja mmoja wao, Bi Mwanatumu,
viganja vimechanwa na miiba ya mkonge, anauliza, "Bado?"
nami namjibu, "Bado."

"Mwanakheri, deni la rafiki nalo ni deni?"
"Fomu haikuuliza urafiki, mheshimiwa. Imeuliza kiasi."
"Na nani ataisoma? Inakwenda kufungiwa kabatini."
"Mimi."

Akainama. Akavaa viatu, kimoja kimoja,
akafunga na kamba, kama anayeitwa kuingia mahakamani.
"Andika: milioni kumi na nne. Mdai, jina lake kamili.
Toa na karatasi nyingine. Najiondoa katika shauri hili,
kwa sababu binafsi."

Vidole vyangu vikasimama. Si kwa ujasiri;
vilisimama tu, kama punda darajani.

Akatazama dirishani, kwenye baiskeli za watu.
"Futa hiyo binafsi," akasema. "Andika sababu yenyewe.
Halafu zote mbili, hiyo na fomu, zibandike ubaoni."

Jumatatu akaja Bi Mwanatumu.
"Bado?"
"Limehamia kwa jaji mwingine, bibi. Linaanza upya."
Hakuwa na miwani. Nikamsomea ubao,
nyumba, shamba, ng'ombe mgumba,
mpaka milioni kumi na nne, na jina.
Alihesabu kwa vidole, akarudia.
"Ile miezi yetu saba," akasema taratibu,
"kumbe ilikwenda kutibu figo."
Akanyamaza.
"Mungu amrehemu marehemu. Hela si zake, si zake."

Akafunga khanga kiunoni. Mlangoni akageuka:
"Na huyo jaji mpya,
karatasi yake mmeibandika wapi?"

Nikautazama ubao.
Palikuwa na pini mbili zisizo na kazi,
na nafasi.